Shajara Ndani ya Punda

Mume wangu, Ildevert, alichora na kufundisha watoto kuchora hapa mjini Jacmel maisha yake yote, na taifa likamheshimu kwa kutomjua. Kisha akafa. Kufa kulimsaidia sana. Hata mwezi haujaisha, akaja Profesa Théodat kutoka chuo kikuu cha mji mkuu, na masanduku matupu na glavu nyeupe, kuchukua nyaraka zake.

"Barua, shajara, maandalio ya masomo," alisema. "Hata vipande, mama. Kwetu hakuna kipande kidogo."

"Basi umefika penyewe. Viko uani, vinakauka."

Uani kulikuwa na vinyago vya kanivali: punda, kasuku, mamba, jogoo mwenye makengeza. Kwa kawaida tunavitengeneza kwa karatasi za mifuko ya saruji na gundi ya muhogo. Mwaka huu hakuna aliyejenga hata choo, mifuko ikakosekana, na Ildevert, wiki chache kabla ya kufa, akawafungulia wanafunzi kabati lake la karatasi. "Chaneni," aliwaambia, akaanza kuchana yeye.

Profesa akakalia ndoo. Ukingo wake ulikuwa na gundi mbichi, ila sikuona haja ya kumkatiza.

"Ameharibu kumbukumbu ya taifa," alisema.

"Taifa lilikuwa na anwani yetu siku zote."

Alipotulia, akatangaza kwamba atavichukua vyote. Wataalamu wake wangeviloweka na kubandua karatasi moja moja.

"Kanivali ni Jumapili," nikamwambia.

"Mama, tunazungumzia historia."

"Mimi nazungumzia darasa. Nimeachiwa peke yangu. Watoto wasipotoka Jumapili, wazazi watawahamishia kwa jirani anayefundisha kompyuta, na Ildevert atakuwa amekufa mara ya pili. Hicho kifo nacho kina sanduku lake?"

Binti yangu Roselaure alikuwa akimpaka kasuku rangi. Akasema bila kugeuka, "Ndani hatukupaka, Profesa. Panasomeka."

Profesa akakichungulia kichwa cha punda, akakigeuza huku na huku, mwishowe akakivaa. Tukasubiri.

"Ni shajara," punda akasema. "Anaandika kwamba mtoto asipewe rangi ya bluu mpaka kwanza ayatazame maji."

Sentensi hiyo nimeisikia nikikaanga ndizi, nikifua, nikiwa karibu kujifungua. Nilidhani nimeichoka.

"Aliyepaswa kumbeba punda ana matubwitubwi," nikasema baadaye. "Mbebe wewe, usome utakavyo. Kanivali ikiisha, vyote vinatundikwa darasani, na mlango u wazi. Kuloweka, hapana."

"Mimi ni mkuu wa idara, mama."

"Punda hajali."

Jumapili mkuu wa idara akateremka barabara ya bandarini akiwa punda. Kwa kuwa alikuwa akisoma badala ya kutazama mbele, aliwakanyaga wapiga tarumbeta wote, na watu wakamshangilia, wakidhani kafunzwa kufanya hivyo. Wazazi wawili waliniuliza kama darasani kuna nafasi. Nikawaambia waje Jumatatu, na watoto waje na nguo kuukuu.

"Mama," punda akaniita, akihema. "Sentensi imekatika hapa sikioni. Inaendelea wapi?"

"Kwenye kasuku."

"Kasuku yuko wapi?"

"Mbele, na darasa. Tembea."