Mlango Uliofunguliwa kwa Jeannette

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe 16 Oktoba 2002, siku mukubwa mmoja wa askari alipokataza mitumbwi isivuke mto Lualaba. Jeannette na wanawake wenzake walikuwa ng'ambo, Alunguli, wakichuma sombe, majani ya muhogo. Walisimama mchangani wakiita, na risasi za vita zikawakuta hapo hapo. Mukubwa yule alipandishwa cheo. Henri, mume wa Jeannette, alianza kula peke yake.

Mwaka huu binti yao Fortunée, anayekaa Lubutu, alimtumia Henri kamera ndogo ya ukutani, apate kumwona baba yake kutoka kule. Parseli nzima, vyumba vyote vya ua ule, inatumia modemu moja, ya mwenye nyumba, Mbusa, mfanyabiashara wa Butembo. Fundi Franck alimweleza Henri kwamba modemu ni kama sentineli wa langoni: anayebisha kutoka nje anafukuzwa, mpaka sentineli aambiwe ampeleke chumba gani. Basi akafungua mlango mmoja ndani ya modemu, akauelekeza kwenye kamera ya Henri.

Jioni hiyo, kabla Fortunée hajabisha, Jeannette aliingia. Alishuka ukutani chini ya kamera, maji mpaka magotini, sombe kichwani. Akauliza chumvi iko wapi. Henri akamwonyesha.

Kesho yake umeme ulikatika, ukarudi, na Jeannette hakuja. Josiane, mke wa Mbusa, akaita kutoka uani:

"Papa Henri! Bibi yako iko kwetu saloni, analowesha tapi ya chini!"

"Mwambie aje kwangu."

"Anasema njo hapa wamemuelekeza!"

Franck alikuja akicheka. Modemu ikizimika inagawa anwani upya, na ile ya kamera ilikuwa imepewa televisheni ya Mbusa. Yeye alisahau kuifunga anwani hiyo kwa kamera, isihame. Sasa aliifunga.

"Papa, hata umeme ukatike namna gani, mama atafika kwako."

"Wewe njo wangekuweka mukubwa wa mto," Henri alimjibu.

Tangu hapo Jeannette anafika kila jioni. Wanakula pamoja, halafu anainuka. Ukutani nyuma yake wenzake wanamngoja. Mlango wao haujaelekezwa kwa mtu. Henri alimwomba alale, hata mara moja tu.

"Nitalala," Jeannette alisema, "siku utanipa jibu la kuwapelekea wale." Akamwambia swali lao.

Henri alilipeleka komini, kwenye ofisi ya serikali. Bwana wa ofisi alisema mto haukufungwa hata siku moja, kwa hiyo hakuna aliyebaki ng'ambo.

"Basi bibi yangu anatoka wapi?"

"Punguza sauti, mzee. Wakubwa wako kwenye mkutano."

Alirudi nyumbani, akapika. Jeannette alikula, akamsifia wali, akajitwika sombe yake. Henri akamshika mkono.

"Umeleta jibu?" aliuliza Jeannette. "Yule mukubwa alituogopa juu ya nini, sisi wanawake tupu?"