Sori ya Mume Wangu

Mume wangu alifanya kazi hotelini miaka michache, akarudi na neno moja la Kiingereza: sori. Lugha nzima ya watu, yeye kaokota neno moja! Akikukanyaga, sori. Asiposikia, sori? Ukifiwa, sori. Mteja akiulizia nguo iliyochelewa, sori, maana yake potelea mbali. "Nisamehe" hajawahi kuitamka, utadhani ingemchubua ulimi.

Tunashona nguo, mimi na yeye, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Wifi yangu alipochumbiwa alituletea kitambaa cheupe alichonunuliwa na baba yao kabla hajafariki. Madukani hakipo tena. Nilimwomba mume wangu aniachie nikikate mwenyewe. Bwana mkubwa akasema dada yake atakatiwa na kaka yake.

Akakata kweli. Mikono ya gauni hukatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa, wa kulia na wa kushoto itoke pamoja. Yeye alikata mmoja mmoja, jicho kwenye simu akitazama mpira, na ile karatasi ya kukatia hakuigeuza. Mikono miwili, yote ya kushoto! Na kitambaa kimekwisha.

Wifi alikuja kujaribu gauni siku moja kabla ya harusi. Akajitazama kiooni. Mkono mmoja umekaa vizuri, wa pili umepinda begani kama umevaliwa kinyumenyume.

"Kaka, hii nini?"

"Sori," akajibu, macho kwenye cherehani.

"Hiyo sori asubuhi umempa paka," nikamwambia. "Dada yako mwambie, 'Nimekosa.'"

Akaanza kutunga uzi upya kwenye sindano ya cherehani. Jitu zima, neno analolisema hata mtoto limemshinda! Nilimdharau siku hiyo kuliko siku zote. Wifi alisubiri. Namjua, angemsamehe papo hapo.

"Ndiyo hivyo tena," akanung'unika mwishowe. "Sori, jamani."

Wifi akanigeukia. "Wifi, toa mikono yote miwili. Nitaolewa mabega wazi."

Nikachukua wembe, nikaanza kufumua. Kisha akamwambia kaka yake, taratibu, bila hata kupandisha sauti:

"Baba angekuwepo, angenishika mkono kesho kunipeleka. Nafasi yake nilikuwa nimekuwekea wewe. Sasa atanishika mkeo."

Mume wangu akainua kichwa.

"Sori?"

"Umesikia," wifi akasema.