Gitaa Lililoitwa Mlango

"Huligusi! Nimesema huligusi, hata ukininunia mwaka mzima!"

"Lete gitaa hapa, mke wangu."

"Silileti. Weka chini hiyo patasi kwanza."

"Eh?"

"Patasi! Iweke chini!"

Fundi seremala aliitazama patasi mkononi mwake kana kwamba kuna mtu amempa amshikie. Ilikuwa ikitetemeka. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka siku ya mazishi ya mwana wao na haukuacha, miezi minane sasa, na kazi zote za kukata kwa makini alikuwa amezikataa. Siku hizi alipokea za kupiga randa na kupigilia misumari tu. Mkewe alisimama ng'ambo ya meza ya kazi, amelikumbatia gitaa kwa mikono miwili, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni.

Upande wa pili wa barabara kinyozi alizima mashine yake. Hakuwa mmbeya kuliko watu wengine, ila ugomvi wa nyumba ile haukumtaka mtu atege sikio. Misumeno ya umeme ilikuwa imeyala masikio ya fundi kwa miaka thelathini, na mwenye kutaka kusema naye ilibidi apaze sauti. Kwa hiyo mtaa mzima ulijua ni lini wameishiwa sabuni, ni lini mama ana homa, na ni nani kati yao aliyesahau kufunga bomba.

"Kwa mkono huo utalipasua," alisema mama. "Mwezi uliopita umepasua droo ya watu."

"Droo ilikuwa na ufa."

"Ufa ulikuwa wewe!"

Yote yaliletwa na Mrefu. Mrefu alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya harusi ambayo kijana wao aliipigia gitaa, na tangu msiba hakuwa amekanyaga pale. Asubuhi ile alitokea, akainama mlangoni asigonge kichwa, akatoa shikamoo, akasema amepata kwenye simu yake sauti ya harusi moja ya mwaka jana, na ameona si vizuri aisikilize peke yake. Akamchomeka mzee visikilizio masikioni, akafungulia hadi mwisho.

Fundi alisikiliza, macho kwenye sakafu iliyojaa maranda. Katikati ya vigelegele gitaa lililia, safi, kila uzi ukisikika peke yake.

"Hili si langu," alisema mwishowe.

Mrefu angeweza kudanganya. Lakini alikuwa na machozi, na mwenye machozi hapimi maneno. "Hapana, mzee. Hilo la kuazima. Lile lako alilipiga hapa nyumbani tu. Alikuwa akiliita Mlango."

Maneno yalipokwisha kumtoka ndipo alipoyasikia. Akaanza kujikanyaga: eti ulikuwa utani wa mapenzi, eti hata yeye mwenyewe marehemu alimwita Ngazi. Fundi alivua visikilizio, akavikunja vizuri, akamrudishia, akamshukuru kwa adabu zote na kumsindikiza hadi nje. Mrefu alipopinda kona, fundi akachukua patasi na kuelekea chumba cha pili, ambako mkewe alikuwa na cherehani yake na ambako gitaa lilining'inia ukutani juu ya majora ya vitambaa. Mama, aliyesikia kila kitu, alimwahi.

Mlango. Na kweli, kwa milango hakukuwa na fundi kama yeye. Mlango wake ukiutia leo, utaurithi mjukuu. Gitaa nalo alilitengeneza hivyo hivyo, na alikuwa na sababu yake. Ujanani alipata gitaa moja lililokwisha kutumika, jembamba kama ganda la yai. Aliliota miaka miwili kabla ya kulipata, na kabla ya mwaka kwisha joto likalipasua mgongo, uso ukabonyea chini ya nyuzi kama mto uliokaliwa. Hakupata jingine. Basi mwanawe wa pekee alipofika miaka kumi na mitano na kuanza kuomba gitaa usiku na mchana, fundi aliapa kwamba mbao nyembamba haitamwonea mtoto wake kama ilivyomwonea yeye.

Alikaa nalo miezi minne. Ubao wa uso aliuacha unene wa kidole kidogo cha mkono. Kwa ndani akaupachikia miti tisa ya kuushikilia, kila mmoja kwa gundi. Kisha akalipaka vanishi mara tatu, kama meza ya kulia chakula. Siku ya kulitoa aliwaita majirani, akaliweka sakafuni, akalikalia. Halikulia hata kwi. Watu wakapiga makofi.

Na jinsi alivyolipima! Kwa kuwa masikio yalikuwa yamekwisha, fundi alikuwa na mtindo wake: akitaka kujua kama mashine inakwaruza, alilaza taya lake juu yake. Gitaa nalo alililazia taya begani, akagusa uzi mmoja. Sauti ikampanda kwa mifupa hadi utosini, nzito, tamu, haijawahi kutokea. Alilia mbele ya majirani bila aibu. Hakujua kwamba aliyesimama hatua mbili kutoka pale hasikii ila tk, tk, kama mtu anayegonga meza kwa kucha. Majirani waliangaliana. Wakapiga makofi tena.

"Nisikilize," alisema fundi sasa. Aliiweka patasi mezani, labda kwa sababu imemwelemea. "Sitaki kulivunja. Uso wake ni mnene mno. Nimelijua kosa langu leo, dakika ileile niliposikia lile la harusi. Naufungua, naupunguza nusu, miti naitoa mitano, narudisha. Ni kazi ya wiki moja."

"Ili iweje? Apige nani?"

"Mrefu. Mtu yeyote. Nataka kujua kama lilikuwa na sauti ndani yake."

"Na hapa?" Mama aligeuza gitaa, akamwonyesha ukingo wa juu, pale mkono wa kijana ulipokuwa ukiegemea anapopiga. Vanishi ilikuwa imelika, mbao imebaki tupu na laini kama kiwiko cha mtoto. "Hapa umepaona? Nguo zake ukasema tugawe, nikagawa. Kitanda ukasema kitoke, kikatoka. Mimi sikubisha. Hapa ndipo palipobaki, basi! Ukilifungua, utapiga msasa, utapaka vanishi yako, paondoke. Nakujua."

Hakumwambia kwamba kila asubuhi, kabla ya kufunua cherehani, alikuwa akiweka kiganja chake pale na kuhesabu hadi kumi. Alikuwa mwanamke asiyependa mambo ya kujiliza. Kumi zikifika, anakaa, anaanza kazi.

Fundi alipatazama kwa muda. Halafu akavuta kigoda, akaketi, na sauti yake ikashuka, jambo ambalo kwa mtu asiyesikia vizuri hutokea mara chache.

"Mimi nilimtengenezea mtoto wangu mlango," alisema. "Miaka minane ananiita jioni, baba njoo. Naweka taya, ananipigia, ananichekea. Vidole vinatoka damu. Mimi nasema huyu anajituma. Kumbe anausukuma mlango! Kwa nini hakuniambia? Nilikuwa mkali kwake? Hebu niambie, nilikuwa mkali?"

Hapa mama angeweza kunyamaza. Alikuwa na sababu tele za kunyamaza, na kijana hayupo wa kumsuta. Lakini aliona uso wa mumewe ukitafuta kosa jingine la kujibebesha, na la kwanza tu lilikuwa limemwinamisha hivyo.

"Mimi ndiye niliyemkataza," alisema.

"Eh?"

"Nimesema, mimi ndiye niliyemkataza."

"Sema kwa nguvu, sikusikii."

Ndivyo mambo ya nyumba ile yalivyokuwa. Neno ambalo wenzake wangelinong'onezana gizani, yeye alilazimika kulipigia kelele saa tano ya asubuhi, milango wazi.

"Mimi ndiye niliyemkataza asikwambie!"

Kinyozi akaingia ndani kwake na kurudishia mlango. Baadaye mama aliikumbuka heshima ile.

Kulikuwa hakuna mengi ya kueleza. Siku ya pili tu baada ya kupewa gitaa, kijana aliingia chumba cha cherehani, akasimama kama mtu aliyevunja kitu, akasema, "Mama, halilii." Mama alikuwa akishona sare za shule, pini kinywani. Akajibu bila kuinua uso: "Usimwambie baba yako. Ameshinda miezi minne juu yake. Lipige hivyo hivyo." Basi. Pini hata hakuzitoa. Kwake jambo lilikuwa limekwisha, kama yalivyokwisha mambo mengine mengi siku ile. Mtoto alikuwa msikivu, akalipiga hivyo hivyo miaka minane, mpaka homa ilipomlaza Jumatano na kumchukua Jumapili.

Aliyasema hayo yote kwa kupaza sauti, moja baada ya jingine, kama anayesoma orodha ya vifungo na nyuzi. Alisubiri kutukanwa. Matusi yangemfaa, angekuwa na kitu cha kujibu.

Fundi alikuwa akitikisa kichwa polepole.

"Wiki moja," alisema. "Angeniambia Jumatatu, Jumatatu ya pili angekuwa nalo. Angelipeleka harusini. Ni kupunguza mbao tu, mama. Kupunguza mbao ndiyo kazi yangu."

Mkono wake uliruka juu ya goti kama samaki aliyetupwa nchi kavu, akaukalia.

"Hodi wenyewe?" Mteja mmoja alichungulia, tabasamu limemtangulia. "Nimefuata gauni langu."

"Kesho," alisema mama.

"Lakini juzi uliniambia le—"

"Dada yangu, kesho."

Mteja aliwatazama wote wawili, akatazama gitaa, akaondoka kwa ncha za vidole.

Mama alibaki amesimama. Katika kazi yake, nguo iliyoharibika haitundikwi ukutani ikaombwa msamaha. Hufumuliwa. Unakaa na wembe, unafuata mshono ulipokosea, unautoa uzi mmoja mmoja bila kujeruhi kitambaa, halafu unaanza upya. Alikuwa amefumua magauni ya maharusi, makoti, mapazia ya ukumbi mzima. Mkono wake haukuwahi kutetemeka, hata siku ile, hata pale kaburini. Watu walimsema kwa hilo.

"Ulitumia gundi gani?" aliuliza.

"Eh?"

"Gundi! Ile nyeupe?"

"Nyeupe."

"Inalegea kwa joto?"

Fundi aliinua uso. "Kwa joto na mvuke. Polepole. Kwa nini?"

Lakini mama alikuwa ameshatoka. Alirudi na pasi yake ya umeme, kitambaa kibichi na kile kisu cha mezani ambacho fundi mwenyewe alikuwa amemsagia kikawa chembamba kama ulimi. Akatandika blanketi juu ya meza ya kazi, akalilaza gitaa chali, akachomeka pasi.

"Nyuzi legeza wewe," alisema. "Hiyo haitaki mkono uliotulia."

Fundi alisimama, akazilegeza moja moja. Zilikuwa bado katika mvuto ambao kijana aliziacha nao. Kila moja ilishuka kwa mlio mfupi, kisha ikanyamaza. Ya mwisho alikaa nayo kidogo kabla ya kuizungusha. Mama alimwacha.

"Haya. Nianzie wapi?"

Fundi alipapasa ukingo wote kwa kidole gumba, kama anavyopapasa maungio ya dirisha, akazunguka chini, akapanda, kisha akasimama. Hakumtazama mkewe.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo penye udhaifu. Jasho lake limeshailegeza gundi. Tukianzia kwingine tutapasua."

Palikuwa pale pale palipolika.

Mama aliweka kiganja chake juu ya ile mbao tupu. Safari hii hakuhesabu. Akakiondoa, akatandika kitambaa kibichi mahali pake, akakandamiza pasi. Mvuke ulipanda na harufu ya vanishi ya zamani, na alipoinua kitambaa, pembeni pa lile doa laini palikuwa pameshaanza kuwa peupe kama jicho la mgonjwa. Hakupatazama mara mbili. Akachukua kisu, akatafuta mshono kwa ncha yake, akausikia, akasukuma.

Fundi aliinama, akalaza taya lake begani mwa gitaa, akafumba macho.

"Inaachia," alisema. "Naisikia inaachia. Polepole, mke wangu. Usiwe na haraka."

Na yeye, ambaye hajawahi kufanya jambo lolote polepole maishani mwake, akaweka pasi tena, akasubiri, akakisukuma kisu polepole.