Anayetoka Kulia

Usiku wa kuamkia leo niliota niko Ufaransa, nimekaa upande juu ya keria ya baiskeli, na baiskeli yenyewe haipo. Keria ilikuwa inakwenda tu peke yake, shibiri moja kutoka ardhini, katikati ya msitu wa mialoni. Sikushangaa. Miaka kumi na tisa nimekaa juu ya keria hiyohiyo nyuma ya mume wangu, harusini, msibani, hata hospitali kujifungua. Inaijua kazi yake.

Ngoja nieleze kwanza, asije mtu akaniona nina kichaa. Mume wangu ni Mwinjuma, fundi baiskeli hapa Tanga. Mwaka juzi walipita wazee wa Kifaransa wanaozunguka dunia kwa baiskeli, akawanyooshea rimu zao, wakampenda, wakamwalika azunguke nao kwao wiki tatu, misituni na vijijini. Akaunda baiskeli mpya, kipande kwa kipande, miezi minane. Akaipaka rangi ya buluu, akaiita Bi Mdogo. Mtaa mzima ukacheka. Na mimi nikacheka, meno ya nje.

Baiskeli yetu ya zamani akaivunja spea. Keria yake pana, ndiyo kiti changu hicho, ikabaki nyuma ya mlango. Bi Mdogo akafungiwa keria nyembamba ya kubebea mabegi. Wivu ukanishika, nasema wazi. Wenzangu huonea wivu wanawake. Mimi nilionea wivu chuma.

Jana jioni akapiga simu kutoka huko. Hata hali hajaniuliza: Bi Mdogo kapanda kilima, Bi Mdogo kateremka msituni kama maji. Kisha akaanza kunifundisha sheria za barabara.

"Huku, Mama Tunu, kwenye njia panda ndogondogo mwenye haki ni anayetoka kulia."

"Haki ya kulia ndiyo haki gani tena?" nikamwambia. "Mimi silii. Nani alie kwa ajili ya baiskeli?"

"Kulia, mkono wa kulia!" Akacheka mpaka simu ikakatika. Nikalala nimeuma meno, macho makavu.

Ndipo nikaota.

Keria inaingia kijijini. Nyumba ni za mawe, madirisha yana maua, watu wamebeba mikate mirefu kwapani. Jua liko utosini, na kengele ya kanisa inapiga mara mbili.

"Hii ni saa nane," naiambia kengele.

"Najua," inajibu. "Lakini mara nane nachoka."

"Umemwona mwanamume mrefu, ana baiskeli ya buluu?"

"Yule bwana na mkewe? Wamepita sasa hivi. Walikuwa wanaimba."

"Baiskeli haiimbi."

"Yule anaimba. Ana spoku thelathini na sita."

Miaka kumi na tisa mimi sijaimbiwa hata ubeti mmoja! Naipiga keria kofi, inaongeza mwendo.

Mwisho wa kijiji kuna kibao chenye jina la kijiji, kimekatwa kwa mstari mwekundu. Chini yake amesimama mzee mwenye kopo la rangi na brashi. Nageuka nyuma. Kijiji hakipo. Pana majani tu, na kuku mmoja.

"Mzee wangu, kijiji kimekwenda wapi?"

"Kimekatwa, bibi. Huoni mstari? Ukishakipita, hakipo. Ndiyo sheria."

Kwapani kabeba kibao kingine. Nasoma: MWANJAA.

"Hilo ni jina langu."

"Ndiyo. Bado sijalikata. Nasubiri njia panda. Mumeo akikupita pale, napiga mstari, nakwenda kula."

Yarabi! Nikamwambia keria twende. Msitu ukageuka jiko langu, mialoni imesimama kati ya mafiga, na jibini linachemka kwenye sufuria yangu ya mchuzi. Nikataka kulipunguzia moto. Nikainama, na nilipoinuka palikuwa msitu tena, na mbele yangu njia panda.

Mwinjuma alikuwa anakuja juu ya Bi Mdogo. Na Bi Mdogo kajifunga kanga usukanini. Kanga yangu! Ila maneno yamebadilika, sasa imeandikwa: ULIPOKAA WEWE NIMEKAA MIMI.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," ikasema ile baiskeli.

"Marahaba," nikaitika, maana adabu ni adabu hata kwa chuma.

"Naomba unipishe. Mimi natoka kulia."

"Unampeleka wapi mume wangu?"

"Mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele tu, Bi Mkubwa. Sisi baiskeli hatuna gia ya kurudi nyuma."

Nikamwita mume wangu. "Baba Tunu!"

"Ngoja kidogo, Mama Tunu," akasema, kainamisha sikio. "Nasikiliza cheni."

Anasikiliza cheni! Mke wake kavuka dunia juu ya keria, yeye anasikiliza cheni! Nikamgeukia mke mwenzangu. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na wewe kutwa kucha uko barabarani."

"Ni kweli," akasema kwa upole. "Mimi natembea. Wewe unakaa."

Hapo alinipata.

Kando ya barabara palikuwa na kibao cha pembe tatu. Kikakohoa. Kilizungumza taratibu, kama kadhi aliyekwisha kunywa kahawa yake.

"Mwenye haki ni anayetoka kulia. Nani anatoka kulia?"

"Mimi, mheshimiwa," akasema Bi Mdogo.

"Na wewe, bibi?"

"Kushoto," nikasema. Ningesema nini? Kwetu tunapita kushoto, hata keria imezoea hivyo.

"Basi shauri limekwisha," kikasema kibao. Yule mzee akachovya brashi. Ikagusa herufi M ya jina langu, rangi ikaanza kuchuruzika.

Nikalia. Sikupanga. Na wala hakikuwa kile kilio cha msibani cha kusikiwa na watu, kilikuwa kilio kibaya, cha kamasi. Nililia kiti changu kilichowekwa nyuma ya mlango. Nililia kwamba miaka yote hiyo nimeujua mgongo wa shati lake kuliko uso wake, na bado ule mgongo nauona wangu. Nililia ile asubuhi aliyoondoka: alimpangusa Bi Mdogo kwa kitambaa laini, kila spoku, na mimi akaniambia, "Funga mlango." Machozi yakaanguka moja kwa moja juu ya cheni ya yule mwanamke, maana nilikuwa nimeinama hapohapo, na sikujali.

"Umemaliza, bibi?" kikauliza kibao.

"Nimemaliza."

"Basi unatoka wapi?"

Nikajifuta pua kwa kiganja. "Natoka kulia."

Kibao kikafikiri. Kikanitazama macho, kikatazama kamasi.

"Ni kweli," kikasema. "Anatoka kulia. Ushahidi bado unatiririka. Haki ni yake."

"Mheshimiwa!" Bi Mdogo akapiga kelele. "Kulia kule si kulia huku!"

"Sheria imeandikwa kulia. Haikusema kulia kupi."

Mzee akaifuta ile M kwa mkono wa shati, akafunika kopo lake. "Sasa nitakula saa ngapi?" akanung'unika, akaenda zake. Bi Mdogo akataka kusema jambo, cheni ikafanya krrr, ikakwama. Mwinjuma akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Akaniona.

"Mama Tunu," akasema. "Ulikuwa unalia?"

Sikuwahi kujibu. Kengele ilipiga mara mbili, nikaamka.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, na iliyopiga ni simu yangu. Nikaupapasa mto, nikijua nitaukuta umelowa. Ulikuwa mkavu kabisa. Mashavu yangu makavu pia. Keria ilikuwa nyuma ya mlango kama nilivyoiacha. Ni ndoto tu, nikajiambia, na nikaona haya: mwanamke mzima kugombania mume na baiskeli.

Nikafungua ujumbe. Ulitoka kwa Mwinjuma.

"Mama Tunu, huku kuna ajabu. Cheni ya Bi Mdogo imeota kutu usiku mmoja, pingili zote, haizunguki. Nimeilaza ndani na mvua haijanyesha wiki nzima. Nimeionja kwa ulimi, ina chumvi, kama baiskeli za kule Raskazone ufukweni. Na huku bahari iko mbali, hata harufu yake huisikii. Hebu niambie kweli. Jana ulilia?"

Nikaupapasa tena ule mto, upande wa pili. Mkavu.

Nikaandika: "Nimetoka kulia sasa hivi."

Nikamwona anaandika. Akaacha. Akaandika tena, muda mrefu, mpaka nikaketi kitandani. Nilidhani atacheka, kama jana.

"Basi haki ni yako," akaandika. "Iangalie ile keria nyuma ya mlango, uniambie ina matundu mangapi ya bolti. Nikirudi naifunga kwenye Bi Mdogo, mabegi yatatafuta pengine."

Ni manne. Nilimjibu kabla sijanawa uso.