Mwenye Maslahi Aseme

…na swali lenyewe huulizwa kila kikao, mapema, kabla chai haijapoa, mwenyekiti wa bodi, mama Efrazia, hulitoa kama mtu anayehesabu watoto kabla ya kufunga mlango, je, kuna mjumbe mwenye maslahi ya kutangaza katika ajenda za leo, na kila mara Nyamhanga huitazama chupa yake ya maji akisubiri swali lipite, maana maslahi atayatoa wapi mhadhiri mstaafu anayeitwa kwenye bodi ya Mamlaka ya nishati mara chache kwa mwaka, asiye na ofisi humo wala mtumishi wa kumwamuru, kazi yake kusoma kabrasha na kupiga kura, lakini leo bodi imesafiri hadi Mugumu, wamekaa katika ukumbi wenye mapazia ya kijani, na ndani ya kabrasha kuna ramani, na juu ya ramani mstari mwekundu wa umeme unaacha barabara, unapanda Gorong'a, unapita kwa jirani yake Waitara, na kabla haujafika zahanati unakatiza boma lake yeye, kwenye migomba, pale pale alipolala mke wake… pazia linajaa upepo, linashuka polepole kama kifua cha mtu aliyesinzia… chini ya nyaya kubwa namna ile kaburi haliachwi, huhamishwa, kwa heshima zote, ndivyo kabrasha linavyosema, kana kwamba heshima ni mzigo wa kupakia kwenye gari, na njia ya pili ipo, imechorwa kwa vinukta nyuma ya kilima, ila ni ndefu, itataka upimaji mpya na ombi jipya, Gorong'a irudi kusubiri, wakunga wazidi kushika tochi kwa meno, na jana kwenye chakula aliwasikia wajumbe wenzake, wamegawanyika nusu kwa nusu, mkono wake ndio utakaoamua, "Shemeji," alisema Odoyo, mdogo wa marehemu mke wake, kwa simu kutoka Migori, "wewe si ndiye bodi? Dada yangu afukuliwe na wewe umekaa hapo unakunywa maji ya chupa?" naye akamjibu kwamba bodi ni watu wengi, Odoyo akacheka bila furaha, "Basi hao wengi wahamishe makaburi yao"… akitangaza, atatoka nje kwa mlango wa nyuma na kura yake itatoka naye, akinyamaza, mkono mmoja tu, mstari utazunguka kilima, na nani atajua, kwenye ramani mke wake ni kinukta, kimeandikwa kaburi, hakina jina… mama Efrazia anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya kitenge, "Kimya hiki nikielewe vipi, waheshimiwa?" mtu anacheka, kijiko kinagonga kikombe, mlio unakwenda mbali sana, unafika jikoni Gorong'a, ilipo friji, mke wake aliinunua Sirari waliposikia nguzo zinakuja, ikafungwa juu ya pikipiki, yeye nyuma kwa miguu ameishika kama anasindikiza mgonjwa, na nguzo hazikuja, akaweka humo unga wa mtama na vikombe vya wageni, Waitara akipita jioni, "Mama Irine, kabati lako mlango mnene hivi, linaogopa wezi?" naye, "Ngoja stima ifike, utakuja hapa kuomba barafu, na nitakuuzia," stima, hakukubali kusema umeme hata siku moja, "kwani huo wenu unawaka zaidi, Baba Irine?" na kila Jumamosi aliipangusa nje na ndani, akiitazama ile balbu ndogo iliyokuwa haijawahi kuwaka… yuko pale sasa, gizani, anauvuta mlango ule mnene, mwanga unamwagika, unampanda kuanzia kidevuni, unga unang'aa kama mchanga wa mtoni asubuhi, anageuka, "Sasa waya unaupeleka wapi? Nimengoja hii kitu miaka yote, ifike mlangoni halafu uifukuze kwa jina langu?" na Nyamhanga karibu atabasamu, karibu aseme sawa, kisha anashtuka, maana maneno hayo ni yake mwenyewe, amemvika tu, wafu hawapigi kura, na kumtumia kuupitisha mstari ni sawa na kumtumia kuuzuia, yeye hakusema lolote, alikufa akingoja, basi… kwenye kiti hiki hana ruhusa ya kuwa mume, ndiyo maana ya lile swali, hakuwahi kuliona hivyo, mlango ule wa nyuma si wa adhabu, nje ya mlango ule atasimama na wenye maboma wengine, na Odoyo, na wazee, atabishana nao, ataomba, atalia ikibidi, na humu ndani akinyamaza kaburi litabaki mahali pake, ila yeye atakuwa amemfanya kinukta, siri ya kushinda kura, yeye ambaye tangu mazishi hajalitamka jina lake, husema marehemu, husema mama Irine, husema yule… pazia halijamaliza kushuka, chai bado inatoa mvuke, "Kama hakuna," anaanza mama Efrazia, na kidole cha Nyamhanga kiko kwenye kitufe cha kipaza sauti, taa ndogo inawaka, "Mwenyekiti," anasikia sauti yake, kavu, ya kawaida kabisa, "ukurasa wa ramani, kile kinukta kwenye migomba. Anaitwa Awino."