Dawa Ndani ya Kihenge

Nyamizi hakuwa mtu wa kusikiliza maneno mpaka mwisho, na hilo ndilo lililomponza. Siku hiyo kule Zagayu alikuwa anapita nyuma ya jiko la mama mkwe wake, Milembe, akamsikia akimwambia jirani yao Mektilda: "Nimewatilia dawa mle ndani. Mwezi hawaumalizi, watakufa wote."

Lo! Akina nani tena, kama si yeye, mumewe Mabula na binti yao ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza?

Hakuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kihenge, akafunua, harufu kali ikampiga puani. Mahindi yote ya mwaka yalikuwa yamechanganywa na majani makavu ya kivumbasi. Kivumbasi alikijua, kinafukuza mbu. Lakini kwenye chakula? Mchawi naye hachumi majani yake mbinguni, alijisemea. Huchuma haya haya tunayoyaona.

Kesho yake kijiji kizima kilijua kuwa Milembe ni mchawi. "Macho yake hamyaoni yalivyo mekundu?" aliwauliza wanawake kisimani, kana kwamba miaka arobaini ya moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe haitoshi kumharibu mtu macho! Mabula hakumtetea mama yake. Milembe alifunga khanga zake akaenda kwa bintiye aliyeolewa kijiji cha Sola.

Mahindi yakapepetwa, majani yakachomwa. Nyamizi akaenda Bariadi kutafuta dawa ya mahindi. Miaka hiyo ya ruksa, biashara ilipoachwa huria, ushirika ulikuwa umelala, na kila mwenye meza sokoni alikuwa muuza dawa. Akauziwa unga mweupe kwenye karatasi. Haukunuka chochote, ndiyo maana akaupenda.

Baada ya miezi miwili alitia mkono kihengeni ukatoka na vumbi. Dumuzi, wale wadudu watoboa mahindi, walikuwa wamejaa tele, wazima, wanono. Alipiga yowe, Mektilda akaja, akachungulia.

"Si ndiyo maana mkweo alitia kivumbasi? Harufu ile dumuzi hawaiwezi. Aliniambia mwenyewe, mwezi hawaumalizi."

"Kumbe ni dumuzi?" Nyamizi aliketi chini. "Na wewe ulijua! Mbona hukusema?"

"Niseme ili na mimi niitwe mchawi?"

Aibu ilimtafuna Nyamizi, lakini njaa haina aibu. Akambeba mtoto mgongoni, akachukua gunia tupu, akaenda Sola.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama mkwe akiwa amepiga magoti, akalia, akaeleza yote bila kujitetea. Milembe alisikiliza hadi mwisho. Kisha akajaza gunia mahindi, akalifunga mwenyewe.

Nyamizi akafungua mbeleko, akamnyooshea mtoto. "Mpokee mjukuu wako, mayu."

Bibi alimtazama mtoto. Akarudi nyuma hatua moja, mikono ameificha ndani ya khanga.

"Mfunge mgongoni," alisema. "Akipata homa njiani, mtasema bibi alimshika."