Neno Moja la Kipa

Yote yaliyomo humu ni kweli tupu. Nikipatikana na uongo hata wa ukubwa wa punje ya mchanga, nitafua jezi zote za timu ya sekondari kwa mikono yangu hii, soksi nazo. Anayezijua zile soksi anajua kwamba kiapo hiki si cha mchezo.

Mjukuu wangu ni beki wa kati na nahodha. Wenzake walimbandika jina la Komeo mwaka jana, enzi ambazo hata upepo ulipofika kwake ulibisha hodi kwanza. Mwaka huu msimu ulianza komeo limelegea. Mechi ya kwanza walifungwa manne bila, ya pili matatu bila, na karibu yote yalipita palepale aliposimama yeye, ameduwaa kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Kilichomchanganya ni kwamba alikuwa anasikiliza. Golini alikaa rafiki yake, Gundi, kijana asiyependa maneno. Na kocha, mwalimu wa hesabu aliyepewa timu kwa sababu wengine wote walikuwa na udhuru, aliwafundisha hivi: "Kipa ndiye mwenye macho. Akisema, mtii. Na wewe kipa usituhutubie. Neno moja linatosha."

Basi Gundi akachagua lake moja.

Siku ile ya manne, mpira mrefu ulikuwa unashuka. Gundi akapaza sauti, "Wako!"

Komeo akajua ni wake, hana haraka nao. Akautuliza kifuani taratibu kama anayebembeleza mtoto. Mara washambuliaji wawili wakachomoza mgongoni kwake, wakamnyang'anya, wakafunga.

"Si nilikwambia wako?" Gundi akasema, akiokota mpira wavuni.

"Nilikusikia. Ndiyo maana nikauchukua."

"Ukachukua nini? Nimekwambia wako."

Wakatazamana, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Mechi ya pili Komeo akajiwekea tahadhari: akisikia sauti ya Gundi, kwanza ageuke aone nyuma kuna nini. Mpira ukaja polepole, mpira wa kuokota kama embe lililoanguka. "Wako!" Komeo akageuka. Nyuma hapakuwa na mtu ila Gundi, amefungua mdomo. Alipogeuka tena mpira ulishampita, uko miguuni mwa mwenye njaa nao.

Ya tatu walifungwa mawili kwa moja, na hapo waliona wameanza kukua. Kocha hakuona hivyo. Alimwita Komeo kando.

"Ijumaa tuko nyumbani. Likiingia goli jingine wewe umesimama kama nguzo, hicho kitambaa cha unahodha nakivua mwenyewe."

Kitambaa chenyewe kilishonwa na mama yake, binti yangu, ambaye ni fundi cherehani. Alikikata kwenye kipande chekundu kilichobaki kwa mteja, na hakuna mteja aliyepimwa kiuno tangu siku hiyo bila kuhadithiwa habari zake. Kikivuliwa Ijumaa, Jumamosi mtaa mzima utajua. Komeo alikosa hamu hata ya kula.

Jumatano mchana alikuwa ndani ya chumba cha kushonea, amemshikia mama yake upindo wa pazia, mawazo yako uwanjani. Jirani akachungulia mlangoni.

"Fundi, watoto wako wapi?"

"Wangu si huyu hapa mmoja," mama akajibu, pini mdomoni. "Unataka wangapi?"

"Nauliza wangu mimi. Wako wapi?"

"Sasa ni wangu au ni wako?"

"Wangu! Wako wapi?"

"Wako sijawaona. Wangu unamwona."

Komeo akaliachia pazia. Mshono ukaenda upogo, mama akaanza kumpa zake, lakini mwenyewe alishafika nje.

Alimkuta Gundi kwao akipaka viatu rangi.

"Ukisema wako, unamaanisha nini?"

"Inategemea," Gundi akasema. "Mpira ukiwa wako, nasema wako. Wale wakiwa nyuma yako, nasema wako."

"Na mimi nitajuaje?"

Gundi akafikiri, brashi hewani. "Nilidhani unanielewa."

Kesho yake kocha aliposikia, alikaa chini. Kisha akaandika ubaoni: mpira ukiwa wa beki, Beba. Wapinzani wakiwa nyuma, Wageni.

Ijumaa mkuu wa shule aliletewa kiti pembeni mwa uwanja. Gundi alipolia "Wageni!" mara ya kwanza, mkuu alinyoosha tai akatazama getini. Mara ya tatu akaagiza viti vya ziada.

"Wageni!"

"Tumeshakaribia," mshambuliaji wa wapinzani akajibu, akija mbio.

"Karibuni," Komeo akasema, akimpokonya mpira, "ila mlango una komeo."

Kipindi cha pili wakapata kona, Komeo akapanda, akafunga kwa kichwa. Moja bila. Zikabaki dakika mbili, na hofu ikamwingia Gundi. Mpira mrefu ukapaa, na ubao wote ukamfutika kichwani.

"Wako!"

Hapo Komeo akazunguka kama pia, akapiga teke lililouvusha mpira uwanja mzima, ukapita juu ya paa la maabara, na haujaonekana hadi leo. Mwamuzi kwa mshangao akaimeza filimbi, na kwa siku tatu kila akipumua watu walisimama njiani wakidhani wameotea.

"Babu."

Sikujua kama mtu anasoma begani mwangu.

"Mpira uko stoo," Komeo akasema. "Filimbi anayo mwenyewe. Na tulitoka sare."

"Karibu na ushindi."

"Moja moja, babu. Andika."

Haya, naandika. Aliposikia "Wako!" hakujua ageuke au aruke. Aliuliza, "Akina nani?" Alipomaliza kuuliza mpira ulikuwa wavuni.

Filimbi ya mwisho ilipolia, hakungoja kuvuliwa. Alikivua kitambaa mwenyewe, akakikunja vizuri, akampelekea kocha.

"Ile ya mwisho ulisikia nini?" kocha akauliza.

"Wako."

"Hata mimi. Nimesimama hapa natafakari, sijui alikusudia nini." Akamwita kipa. "Gundi, ulikuwa na maana gani pale?"

Gundi akakuna kichwa. "Zote mbili, mwalimu. Mpira ulikuwa wake, na wale walikuwa nyuma yake."

Kocha akakikunjua kitambaa, akamfunga Komeo mkononi.

"Swali lenye majibu mawili," akasema, "anayekosea ni aliyelitunga. Na aliyesema neno moja linatosha ni mimi."

Nilipofika hapo, binti yangu alikuwa ameshaweka beseni uani na kipande cha sabuni juu yake. Fundi huyu hasahau kiapo cha mtu. Komeo akamwaga gunia la jezi miguuni pangu, soksi zikatoka mwisho, zimekauka, zinaweza kusimama zenyewe.

Nikajaribu kuuliza kama zote hizi ni za timu yao, au zimechanganyika na za wengine.

"Zako," Komeo akasema.

Neno hilo nimelipindua kila upande, na maana yake ni moja tu.